SOMO LA FAMILIA: KUKAA KWA MUDA, KUISHI KWELI

Mafungu ya kusoma kabla ya kikundi: Mathayo 2:13-23, Kutoka 2:15-22 na 18:1-4, Yeremia 28 na 29:1-14, Ruthu 1.

Lengo la somo: Kuwasaidia baba na mama vijana walio ukimbizini watambue mambo yanayoweza kungoja mpaka siku ya kurudi, na mambo yasiyoweza kungoja.

UTANGULIZI

Somo la leo limeandikwa hasa kwa ajili ya wale waliooana hapa makazini, na wale waliofika hapa na mtoto mgongoni na mwingine akishikwa mkono. Lakini wazee msiliruke, kwa sababu vijana hawa ni watoto wenu, na wengi wao hawana mzazi mwingine wa kuwashauri karibu.

Kuna neno moja tunalolitumia hapa kila siku, nalo ni "kwa muda". Turubai juu ya nyumba ni la muda. Mkeka tunaolalia ni wa muda. Kijana anasema, "Mahari tutamaliza tukirudi, sasa tukae tu hivi kwa muda." Baba anasema, "Mtoto nitamwandikisha tukifika kwetu." Mama anasema, "Ushonaji nitajifunza nikiwa na makao." Neno hilo si uongo. Hakuna hata mmoja wetu aliyetoka nyumbani kwake akisema anahama moja kwa moja.

Hata hivyo, tuangalie vizuri. Nyumba inaweza kungoja. Shamba tuliloliacha linaweza kungoja, hata likiota msitu. Mtoto hawezi kungoja. Mwaka ambao sisi tunauita mwaka wa kungoja, kwake ni mwaka wa kujifunza kutembea, kusema, kuhesabu na kujua kama watu wanampenda. Hatapewa mwingine mahali pake. Kukaa kwetu hapa ni kwa muda, lakini utoto wa mtoto ni mmoja tu. Hilo ndilo neno kuu la somo letu.

Tutamwangalia Yusufu na Mariamu huko Misri, kisha Musa huko Midiani, kisha mateka wa Babeli, na mwisho tutasema juu ya kurudi.

1. FAMILIA CHANGA ILIYOONDOKA USIKU

Habari hii tunaisoma kila Krismasi, lakini mara nyingi tunaishia kwa Mamajusi na zawadi zao. Endelea na Mathayo 2:13. Yusufu anaambiwa katika ndoto amchukue mtoto na mama yake, akimbilie Misri, kwa sababu Herode anamtafuta mtoto amwangamize. Aliondoka usiku uleule. Mtu aondokaye usiku na mtoto mchanga hakupanga safari. Hakuuza mbuzi wala hakuwaaga jirani. Wengi wenu mnaijua safari ya namna hiyo kuliko mhubiri yeyote anayeihubiri.

Tena hawakuwa watu wenye mali. Luka 2:24 inaonyesha kwamba walipompeleka mtoto Hekaluni walitoa sadaka ya ndege, na sheria ya Mambo ya Walawi 12:8 iliiruhusu sadaka hiyo kwa mzazi asiyeweza kumpata mwana-kondoo. Walimu wengi wa Maandiko wamefikiri kwamba dhahabu, uvumba na manemane za Mamajusi ndizo zilizowasaidia njiani. Mathayo mwenyewe hasemi zilitumikaje.

Kwa nini Misri? Misri ilikuwa jimbo la Warumi tangu mwaka 30 KK, nayo ilikuwa na mtawala wake. Herode alikuwa na nguvu nyingi katika Uyahudi, lakini askari zake hawakuwa na amri ng'ambo ya mpaka. Mpaka uliokuwa ukitenganisha watu ukawa ngao ya mtoto. Nasi tunaishi kwa ngao ya namna hiyo. Mkataba wa mwaka 1951 juu ya wakimbizi, katika kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Mkataba wa nchi za Afrika wa mwaka 1969, katika kifungu cha 5, unasema kurudi kwa mkimbizi kuwe kwa hiari yake. Kwa hiyo usione haya kuitwa mkimbizi. Yesu mwenyewe alipata kuwa mtoto mkimbizi.

Sasa angalia jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Yusufu aliagizwa akae huko mpaka atakapoambiwa. Hakupewa mwezi wala mwaka. Hakuambiwa kama ni msimu mmoja au miaka kumi. Alipewa mahali pa kwenda, lakini tarehe ya kurudi hakupewa. Kila baba aliyeko hapa anaujua uzito wa jambo hilo. Mtu akiambiwa miaka mitatu, atapanga ya miaka mitatu. Akiambiwa "ngoja", apange nini? Jibu la Yusufu ni kwamba alipanga ya siku iliyo mbele yake: mama ale, mtoto alale salama, kesho itafutwe kazi. Katika Mathayo 13:55 Yesu anaitwa mwana wa seremala. Mtu mwenye ufundi mikononi anavuka mpaka pamoja na ufundi wake, na hakuna askari wa njiani anayeweza kumnyang'anya.

2. MAMA KIJANA ASIYE NA MAMA YAKE KARIBU

Tumfikirie Mariamu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa bado mdogo sana, maana Herode alitafuta watoto wa miaka miwili na chini yake. Katika nchi ya ugeni hakuna mama mzazi, hakuna shangazi, hakuna bibi wa kumwonyesha namna ya kumtuliza mtoto mwenye homa.

Kwetu mwanamke akijifungua hakai peke yake. Kuna wa kumkanda kwa maji ya moto, kuna wa kumpikia uji, kuna wa kumchotea maji, na kuna mzee wa kumpa mtoto jina. Hapa makazini binti wa miaka ishirini anaweza kutoka hospitali na mtoto wake na kufika kwenye nyumba isiyo na mtu. Mume ameenda kutafuta kibarua. Siku ya mgao wa chakula inafika, naye anapanga foleni juani na kichanga mgongoni. Wengine hulia usiku bila kujua sababu, wakafikiri wamerogwa au kwamba hawampendi mtoto. Dada mpendwa, mwili uliojifungua umechoka, na moyo uliokimbia vita umechoka pia. Ukiona machozi hayaishi kwa majuma mawili, ukakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au ukapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usifiche. Mwambie mhudumu wa afya siku hiyohiyo, na umwambie mama mmoja wa kanisa. Ni ugonjwa unaotibika.

Baba naye asikilize. Katika Injili zote hakuna neno hata moja la Yusufu lililoandikwa. Tunachoandikiwa ni vitendo vyake: aliamka, akamchukua mtoto na mama yake, akaenda. Kumchotea maji mwanamke aliyejifungua hakumpunguzii mtu uanaume. Wakati wazee wa ukoo hawapo, baba wa mtoto ndiye ukoo.

Kanisa nalo lina kazi hapa. Kila mtaa unaweza kuchagua mama mtu mzima mmoja au wawili wa kuwatembelea waliojifungua kwa siku arobaini za kwanza. Haihitaji fedha. Inahitaji mtu wa kubisha hodi na kusema, "Lete mtoto nimshike, wewe ulale kidogo."

3. MAJINA MAWILI YA WATOTO WA MUSA

Musa pia alikimbia. Alitoka Misri kwa kumwogopa Farao, akafika Midiani, akaoa huko, akawa mchungaji wa kondoo za baba mkwe wake. Alipozaliwa mtoto wake wa kwanza alimwita Gershomu, jina linalokumbusha kwamba alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake (Kutoka 2:22). Mtoto wa pili aliitwa Eliezeri, maana yake Mungu ni msaada wangu, kwa sababu aliokolewa na upanga wa Farao (Kutoka 18:4).

Sisi tunaijua desturi hii. Katika orodha za watoto wetu yapo majina kama Shida, Mateso, Tabu na Machozi. Yapo pia Tumaini, Neema, Riziki na Bahati. Mzazi anaandika historia yake juu ya mtoto. Hatusemi ni dhambi kumwita mtoto Mateso, maana Gershomu pia ni jina la maumivu. Lakini Musa hakuishia kwa Gershomu. Nyumba yake ilikuwa na mtoto aliyekumbusha ugeni na mtoto aliyekumbusha msaada, na wote wawili walikula sahani moja.

Nyumba zetu zinahitaji habari zote mbili. Mtoto anayesikia Gershomu tu, yaani vita, hasara na chuki ya waliotufukuza, atakua na deni la kisasi ambalo hakulikopa. Mtoto asiyeambiwa lolote naye atasikia habari hizo barabarani, zikiwa zimepotoshwa. Mwambie kwa kipimo cha umri wake. Mwambie kijiji chetu kinaitwaje, mto wake unaitwaje, babu alikuwa nani, tulitoka kwa nini. Kisha mwambie na Eliezeri: ni nani aliyetuvusha mto, ni nani aliyetupa muhogo njiani, ni jirani gani wa kabila jingine aliyetuficha.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya huzuni. Mathayo hakuficha kwamba mtoto wa Mariamu aliokoka, na watoto wengine wa Bethlehemu hawakuokoka. Anataja kilio cha Raheli, asiyekubali kufarijiwa (Mathayo 2:16-18). Habari za kijijini zinatufikia hapa kwa simu, na mara nyingi si njema. Wapo wanaokaa wakijiuliza, "Kwa nini mimi, na si wale?" Maandiko hayamkemei Raheli kwa kulia. Basi mume asimkataze mke kulia, wala mke asimcheke mume aliaye. Ni afadhali walie pamoja jioni moja kuliko kila mmoja abebe wake kimya, kisha huzuni igeuke ugomvi juu ya chumvi.

4. HANANIA ALISEMA MIAKA MIWILI

Mwaka 597 KK mfalme wa Babeli aliwachukua mateka watu wengi wa Yerusalemu. Baadaye nabii aitwaye Hanania alisimama Hekaluni na kutangaza kwamba katika miaka miwili wote watarudi (Yeremia 28:3). Neno hilo lilipendwa, na halikuwa kweli. Yeremia aliwaandikia mateka barua ya namna nyingine. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa, na wautafute usalama wa mji waliopelekwa na kuuombea. Ndipo akataja miaka 70, na baada yake kurudi (Yeremia 29:5-10).

Akina Hanania wa makazini wapo wengi. Mwezi huu utasikia kambi inafungwa. Mwezi ujao utasikia kila mtu anapelekwa nchi ya tatu, Marekani au Kanada. Kwa uvumi wa namna hiyo watu wameuza sufuria na majembe, wameng'oa mihogo mibichi, wamewatoa watoto shule wiki chache kabla ya mtihani. Wengine wametoa fedha kwa mtu aliyedai kwamba anaweza kuwaandikisha. Kumbuka: kupelekwa nchi ya tatu hakuuzwi. Anayetaka fedha ni mwizi. Nenda uulize kwenye ofisi yenyewe, wala usiulize sokoni.

Historia ya makazi ya nchi hizi jirani inatufundisha. Makazi ya Nakivale nchini Uganda yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wengi walidhani watarudi baada ya muda mfupi. Watoto wao walizaa watoto huko. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwaka 2014, Tanzania ilianza kuwapa vyeti vya uraia zaidi ya 160,000 kati yao waliokuwa wameomba. Kambi ya Nyarugusu huko Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule alitimiza miaka 20 mwaka 2016.

Hatuandiki haya ili kukuvunja moyo. Wapo waliorudi kwao baada ya miaka miwili. Tunasema hivi: hakuna ajuaye, na kwa sababu hakuna ajuaye, panda mazao ya aina zote. Mkulima anaelewa. Maharage huvunwa kwa miezi mitatu, muhogo hungoja karibu mwaka, na parachichi huchukua miaka. Mwenye kupanda maharage peke yake anaishi kama mpita njia. Pale unaporuhusiwa kulima, panda na mti wa matunda kando ya nyumba. Ukikaa, mtoto wako atakula. Ukiondoka, mtoto wa mwingine atakula, na wewe hutapungukiwa kitu.

Angalia pia kwamba Yeremia hakuwaambia wawe Wababeli. Aliwaambia wajenge, na papo hapo akawaahidi kurudi. Mtu anaweza kuwa na bustani hapa na jina la kijiji chake moyoni.

5. MAMBO MANNE YASIYONGOJA

La kwanza: karatasi ya mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 7, unasema mtoto aandikishwe mara tu baada ya kuzaliwa. Kadi ya kliniki si cheti cha kuzaliwa, wala karatasi ndogo ya hospitali haitoshi. Inabidi mambo mawili yafanyike. Mtoto aongezwe kwenye karatasi ya familia inayotolewa na ofisi ya wakimbizi, na aombewe cheti cha kuzaliwa kwa mamlaka ya nchi inayotupokea. Kuandikishwa hapa hakumfanyi apoteze nchi ya wazazi wake. Kinyume chake, siku ya kurudi, cheti ndicho kitakachoonyesha yeye ni mtoto wa nani. Hakikisha majina yameandikwa sawasawa kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Zitunze karatasi hizo ndani ya plastiki, mbali na mvua na panya, na mke na mume wote wajue zilipo.

La pili: lugha na shule. Wayahudi waliokaa Misri wana fundisho kubwa kwetu. Walikuwako huko muda mrefu kabla ya Yusufu na Mariamu, na mji wa Aleksandria ulikuwa na wengi sana. Watoto waliozaliwa huko walisema Kigiriki, na wengi hawakuelewa tena Kiebrania. Wazee hawakukaa tu wakilalamika kwamba vijana wamepotea. Katika karne ya tatu KK vitabu vya Sheria vilitafsiriwa huko kwa Kigiriki, na baadaye waandishi wa Agano Jipya walitumia mara nyingi tafsiri hiyo ya Kigiriki. Kazi iliyofanywa ugenini ikawa msaada kwa watu wote.

Kwa hiyo mtoto asome shule iliyopo. Katika makazi ya Uganda watoto hufuata masomo ya Uganda kwa Kiingereza, na katika kambi za Tanzania watoto wamekuwa wakifuata masomo ya nchi walikotoka. Kila upande una pengo lake, na mzazi anaweza kuliziba kidogo. Mkongomani aliye Uganda na anayejua Kifaransa awafundishe watoto watano wa jirani saa moja kila Jumamosi. Aliye Tanzania naye amtafutie mtoto mtu wa kumsaidia Kiingereza. Na nyumbani, usione haya kusema Kibembe, Kifuliiru, Kishi, Kirundi au Kinyarwanda. Lugha ya bibi haigharimu ada.

La tatu: mapatano ya mume na mke. Kule nyumbani ugomvi wa vijana uliamuliwa na wazee. Hapa wazee wako mbali, fedha ni kidogo, na mgao wa chakula umepunguzwa katika makambi mengi katika miaka hii ya karibuni. Mume aliyekuwa mwalimu au mfanyabiashara anakaa bure kutwa nzima, na aibu yake inageuka hasira. Fanyeni hivi: siku mgao au fedha ya mgao inapopokelewa, kaeni wawili kabla ya kutumia hata shilingi moja. Gaweni sehemu ya chakula, sehemu ya sabuni na madaftari, na sehemu ndogo ya akiba, hata kama ni sarafu. Asiwepo anayeuza unga wa watoto kwa siri. Mkishindwa kupatana, iteni mzee mmoja mnayemheshimu wote, mapema, kabla mkono haujainuliwa. Na mkono ukiisha kuinuliwa, mwanamke asiambiwe avumilie tu. Apelekwe mahali salama, na habari ifike kwa wanaohusika.

La nne: ufundi. Yusufu alikuwa na randa yake, hata kama alikuwa Misri. Ukipata nafasi ya kujifunza ushonaji, useremala, ujenzi, kusuka nywele au kutengeneza simu, ichukue sasa. Usiseme utaanza ukifika. Mtu anayefika na ufundi hafiki mikono mitupu.

6. SIKU YA KURUDI

Siku ilifika. Herode alikufa, na wanahistoria wengi wanaweka kifo chake mwaka 4 KK. Yusufu aliambiwa arudi, naye akaondoka na mtoto na mama yake. Lakini soma Mathayo 2:22 polepole. Alisikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa Herode baba yake, akaogopa kwenda huko. Woga wake ulikuwa na sababu. Mwanahistoria Yosefo ameandika kwamba mwanzoni mwa utawala wa Arkelao watu kama 3,000 waliuawa Yerusalemu wakati wa Pasaka. Mwaka 6 BK Warumi wenyewe walimwondoa. Yusufu hakupitia hayo, kwa sababu aliipeleka familia yake Galilaya, akakaa Nazareti.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, usiulize tu kama adui wa jana amekufa. Uliza nani yuko mahali pake leo, shamba liko mikononi mwa nani, shule ipo au haipo. Mahali pengine wakimbizi hupewa nafasi ya kutuma wajumbe waende kuona na kurudi kutoa habari. Ikitolewa nafasi hiyo, itumieni, na katika wajumbe awepo mwanamke, maana yeye ndiye atakayeuliza maji yako wapi na kituo cha afya kiko mbali kiasi gani. Pili, kurudi si lazima kuwe kwenye kiwanja kilekile. Yusufu alirudi katika nchi ya Israeli, lakini si Bethlehemu. Alirudi kweli, na mtoto akakua.

Tusimsahau Naomi. Yeye na mumewe walienda Moabu kwa sababu ya njaa, nia yao ikiwa kukaa huko kwa muda. Wakakaa kama miaka kumi, na akarudi mjane, bila wana wake wawili. Aliona amerudi mtupu, akataka aitwe Mara. Lakini hakurudi mtupu. Ruthu alikuwa pembeni yake, mgeni aliyekuwa ndugu, naye alipatikana kule kule ugenini. Wapo majirani hapa ambao leo tunawaona ni watu wa kabila jingine au wa nchi nyingine tu, na siku ya taabu watakuwa karibu kuliko ndugu wa damu.

MWISHO

Baba na mama vijana, orodha ya mambo ya kungoja ifanyeni iwe fupi. Wekeni humo nyumba ya matofali, ng'ombe wa mahari na ile karamu kubwa. Viondoeni humo jina la mtoto, shule yake, kicheko chake na amani ya wazazi wake. Tunajua hatutakaa hapa siku zote. Lakini mtoto wako atakapokuwa mtu mzima, popote atakapokuwa, akiulizwa alikulia wapi hatasema, "Nilikuwa nangoja." Atataja hapa, na atawataja ninyi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Yusufu hakupewa tarehe ya kurudi. Kutokujua tarehe kunafanya nini katika nyumba zetu? Kila mmoja atoe mfano mmoja.

2. Ni habari gani za Gershomu tunazowasimulia watoto wetu, na ni habari gani za Eliezeri? Zipi ni nyingi zaidi?

3. Ni uvumi gani uliowahi kuwapa hasara watu wa mtaa wenu? Tufanye nini ili tuhakikishe habari kabla ya kuuza vitu?

4. Katika mtaa wenu ni wanawake wangapi wamejifungua tangu mwezi uliopita? Nani amewatembelea?

5. (Kwa wanaume peke yao, kisha kwa wanawake peke yao.) Ni jambo gani moja ambalo ungependa mwenzako alijue juu ya huzuni yako, na hujamwambia?

KAZI YA JUMA HILI

Kila nyumba itoe karatasi zake zote na kuzipanga: karatasi ya familia, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, ripoti za shule. Angalieni mtoto gani hana cheti, au jina la nani limekosewa. Mkutane Jumapili na orodha hiyo. Wale wanaojua kusoma na kuandika wabaki baada ya ibada ili wawasaidie wengine kujaza fomu. Na kila nyumba yenye nafasi ipande mti mmoja wa matunda kabla mvua hazijakwisha.

MAOMBI

Tuwaombee walioko njiani usiku huu na watoto wachanga. Tuwaombee kina mama waliojifungua bila mama zao. Tuwaombee akina Raheli wa vijiji vyetu. Tuiombee nchi iliyotupokea, maana katika amani yake nasi tunapata amani. Amina.